PUMZI: Muvi ambayo steringi anakufa (na kwa nini sisi wa Kilimanjaro tuna ufunguo wake)

Kwanza niombe radhi kwa kichwa cha habari, maana nimeshakutobolea mwisho wa muvi kabla hata hujakaa vizuri kwenye kiti. Nimefanya makusudi. Hii muvi haiharibiki ukijua mwisho. Inaharibika ukiitazama kama unavyotazama muvi za Van Damme.

Nimewaonyesha washkaji wanne hapa Moshi, kwenye laptop, chumbani, mlango umefungwa kuzuia mwanga. Dakika ya tatu mmoja akauliza, "Sasa steringi ni nani?" Dakika ya nane mwingine akanyanyuka akaenda kununua vocha, hakurudi. Wa tatu akasema, "Mbona hawaongei? Wamegombana?" Wa nne alibaki mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, halafu akasema sentensi ambayo ndiyo imenifanya niandike makala hii: "Yaani steringi kafa, halafu nimejisikia vizuri. Imekuwaje hapo?"

Swali zuri sana. Ngoja nijaribu kulijibu, taratibu, kama uko kafe na dakika zako zinakatika basi save ukasome baadaye.

NANI KAITENGENEZA

Pumzi ni filamu fupi ya dakika 21 hivi, ya mwaka 2009. Aliyeiandika na kuiongoza ni Wanuri Kahiu, dada wa Nairobi, mzaliwa wa 1980, aliyesomea uongozaji wa filamu UCLA huko Marekani. Si mgeni kwenye fani. Filamu yake ya From a Whisper (2008) inahusu mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, siku ileile ambayo na Dar es Salaam yetu ililipuliwa. Mwaka 2009 ilizoa tuzo tano za Africa Movie Academy Awards. Baadaye akatengeneza Rafiki (2018), filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, huku nyumbani kwao ikipigwa marufuku.

Pumzi yenyewe ilionyeshwa Sundance mwaka 2010. Ni sayansi ya kubuni, yaani stori ya wakati ujao, na ilipigwa picha Afrika Kusini. Mara nyingi inatajwa kuwa sayansi ya kubuni ya kwanza ya Kenya. Kabla hujaanza kuwaza maroboti na ndege za kupigana angani, subiri kwanza.

STORI YENYEWE

Ni miaka 35 baada ya vita kuu ya tatu ya dunia, ambayo waliiita vita ya maji. Nje kumekufa. Hakuna mti, hakuna mto, jangwa tupu. Watu waliobaki Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wanaliita jumuiya ya Maitu. Hakuna mtu anayetoka nje bila kibali.

Ndani humo hakuna tone linalopotea. Jasho linakusanywa, mkojo unasafishwa, unapewa maji yako kwenye chupa, basi. Umeme unatokana na watu wenyewe kukimbia na kunyonga mashine kama za jimu. Hata kuongea wanaongea kwa kompyuta, midomo imefungwa, sauti inatoka kwenye mashine. Na ukiota ndoto usingizini, mashine inakushtua: umeota, meza kidonge cha kuzuia ndoto.

Asha ni msichana anayetunza makumbusho ya viumbe vilivyopotea. Siku moja anapokea kiboksi bila jina la mtumaji. Ndani kuna udongo. Anaupima: una maji mengi na hauna mionzi ya sumu. Anaunusa, na papo hapo anaona ndoto ya mti mkubwa wa kijani umesimama jangwani. Anachukua mbegu ya zamani iliyokuwa imehifadhiwa makumbusho, anaizika kwenye ule udongo, anaidondoshea maji yake ya kunywa. Mbegu inachipua.

Anaomba kibali cha kutoka akautafute ule mti. Baraza linamkatalia. Kwao nje kumekufa, mjadala umefungwa. Walinzi wanakuja, makumbusho yanavurugwa, yeye anapelekwa kuzalisha umeme kama wengine. Anayemsaidia kutoroka ni mama anayesafisha choo, mama ambaye Asha alikuwa amemgawia maji yake siku za nyuma.

Anatembea jangwani na mche wake. Anafika. Mti aliouota ni mkavu, umekufa. Anachimba kwa mikono, anaupanda ule mche, anaumwagia maji yake yote ya mwisho, anaukamulia mpaka jasho lake, halafu analala pembeni yake kuukinga na jua. Kamera inapanda juu, juu zaidi, Asha anakuwa kidoti. Pale alipolala panaota mti.

Mwisho. Hakuna aliyerudi kumwokoa.

HAPA DJ HANA KAZI

Wengi wetu tumejifunza kutazama muvi kwenye vibanda umiza, na mwalimu wetu alikuwa DJ. Marehemu Lufufu alikuwa anakutafsiria muvi nzima, anakupa na majina ya Kiswahili, anakwambia huyu mbaya, huyu atasalitiwa, "subiri sasa uone." Ukikosa kuona kwa sababu kuna mtu mrefu mbele yako, DJ anakusimulia. Ni sanaa kubwa ile, siidharau hata kidogo. Lakini imetuzoesha jambo moja: muvi ni kitu kinachoelezwa. Na kuna sheria nyingine tuliyoipata palepale kwenye mabenchi, isiyoandikwa popote: STERINGI HAFI. Akipigwa risasi ujue itakuwa begani.

Sasa weka Pumzi mbele ya DJ. Atasema nini? Kwa dakika kibao ni mtu ananusa udongo. Mtu anatazama chupa. Mtu anatembea. Hakuna anayekwambia Asha anawaza nini. Adui hana hata sura ya kuichukia, ni baraza tu linaloamini linawalinda watu. Ndiyo maana filamu za namna hii zinaitwa za majaribio: mtengenezaji ameondoa vile vitu ambavyo huwa vinatushika mkono, maneno, maelezo, ngumi, mapenzi, kisha anajaribu kama picha na sauti peke yake zinaweza kufikisha ujumbe.

Anayetazama naye anakuwa ndani ya jaribio. Usipofanya kazi, huambulii kitu. Yule mshikaji aliyekwenda kununua vocha hakuwa mjinga, alikuwa anamsubiri DJ ambaye hakuja.

Na hii si kitu cha wazungu tu au cha Nairobi tu. Mwaka 1992 Mtanzania mwenzetu Flora M'mbugu-Schelling alitengeneza These Hands, filamu ya kweli isiyo ya kuigiza, kuhusu wanawake wanaoponda mawe ya kokoto huko Kunduchi, Dar es Salaam. Hakuweka sauti ya msimuliaji. Unatazama mikono inagonga jiwe, inagonga tena, inagonga tena, mpaka mwili wako mwenyewe unachoka umekaa kwenye kiti. Angetokea mtu kutuambia "hawa wanawake wanateseka", tungeitikia ndiyo na kusahau. Ile nyundo hausahau. Kwa hiyo dada zetu wa huku wana historia ya kutengeneza filamu zisizoeleza.

FUNGUO TULIZO NAZO SISI

Nilirudia Pumzi mara ya pili, halafu ya tatu. Hapo ndipo nikagundua kuwa mtu aliyekulia mlimani anazo funguo nyingi za hii stori, ni vile tu hajaambiwa azitumie. Nikutajie chache.

Ufunguo wa kwanza ni majina. Pumzi unajua maana yake. Asha ni jina la kwetu kabisa, linatokana na Aisha, na maana yake ni uhai. Maitu ni Kikikuyu, ni mama. Kwenye filamu lile neno linachambuliwa kwenye lebo ya mbegu kuwa limetokana na maneno mawili yenye maana ya "ukweli wetu". Kwa hiyo ile mbegu ni mama na ni ukweli kwa pamoja, na imefungiwa kwenye chupa makumbusho kama kitu kilichopitwa na wakati. Ukishalijua hilo, muvi imeshaanza kuongea.

Ufunguo wa pili ni maji ya zamu. Washkaji wa Soweto na Majengo mnaweza msielewe haraka, lakini waliokulia Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu, Rombo mtanielewa. Mfongo! Ule mfereji wa maji unaochepushwa kutoka mtoni juu kule msituni, unashuka ukikata ubavu wa mlima mpaka kwenye vihamba, bila pampu, bila umeme, mteremko umepimwa kwa macho tu. Wazee wetu wameichimba mifongo kwa mamia, kabla Mjerumani hajafika na mwingine baada yake. Kila mfongo una wenyewe, una mzee wake, una zamu. Leo asubuhi ni kwa fulani, jioni ni kwa fulani, ukifungulia maji kwenye zamu isiyo yako kesi inaanza hapohapo. Sisi hatuhitaji vita ya tatu ya dunia kuelewa jamii inayohesabu maji. Asha anapoitazama chupa yake kabla ya kuidondoshea mbegu, mtoto wa mlimani anajua kabisa anachokitoa.

Ufunguo wa tatu ni kibali. Asha anazuiwa kutoka. Sisi kwetu msitu uko palepale juu ya kihamba, unauona ukifungua dirisha, lakini una mpaka. Mwaka 1941 wakoloni walitenga ukanda wa msitu unaoitwa mpaka leo Nusu Maili, ili wananchi wapate kuni, majani na mbao bila kuingia ndani ya msitu wa hifadhi. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa 1973, na mwaka 2005 msitu wote, pamoja na Nusu Maili yenyewe, ukaingizwa ndani ya hifadhi. Muulize mama yeyote wa vijiji vya juu kilichofuata, atakusimulia habari za kubeba mzigo wa majani huku unaangalia nyuma. Hapa naomba tusichanganye mambo. Baraza la kwenye muvi linafungia watu ndani kwa kudai nje hakuna uhai. Huku mpaka umewekwa ili uhai usiishe, na msitu kweli ulikuwa unakatwa. Lakini swali ni lilelile: nani anaamua nani aruhusiwe kuugusa mti, na wanaoishi nao wanaulizwa?

Ufunguo wa nne ndio mkubwa, nao ni kihamba. Yule mshikaji wangu alijisikia vizuri steringi alipokufa, akashangaa. Mimi nilipofikiria sikushangaa tena. Mchaga akifa anazikwa wapi? Kihambani, kwenye migomba, karibu na masale. Hata kama alikuwa na ghorofa Dar, analetwa. Kila Desemba mabasi yanajaa watu wanaorudi pale walipolala babu zao, na migomba inayoota juu ya wale babu bado inaliwa. Kwa hiyo mtu kuingia kwenye udongo na kitu cha kijani kutokea palepale, kwetu hiyo haijawahi kuwa picha ya kutisha. Ndiyo nyumbani. Kahiu hakuwa anawaza Wachaga, sitaki kumsingizia. Ila picha nzuri isiyo na maelezo inaacha mlango wazi, kila mtu anaingia na ya kwao.

TUNATAZAMA THELUJI, TUNASAHAU MSITU

Hapa ndipo muvi inatugusa moja kwa moja, kwa hiyo nivumilie na namba kidogo.

Kila mtu akiongelea Kilimanjaro na mabadiliko ya tabianchi anaongelea theluji. Na ni kweli inaisha. Vipimo vinaonyesha barafu ya Kibo ilikuwa kilomita za mraba 11.40 mwaka 1912. Mwaka 2011 ilibaki 1.76. Asilimia 85 imekwenda ndani ya miaka mia. Inauma, hasa kama ulizaliwa ukiuona ule weupe kila asubuhi kutokea stendi.

Lakini kuna kitu wengi hatujui. Maji yanayoshuka kwenye mito yetu, Weruweru, Karanga, Rau na mingineyo, sehemu kubwa sana haitokani na barafu. Yanatokana na MSITU. Mvua nyingi inanyesha kwenye ule ukanda wa msitu, na juu zaidi ukungu unanaswa na miti, na zile ndevu zinazoning'inia kwenye matawi zinaunyonya, unadondoka chini tone kwa tone, udongo unauhifadhi, chemchemi zinatoka. Ukienda kule juu asubuhi siku isiyo na mvua utalowa vilevile. Mti ndio bomba.

Sasa ule msitu unaungua, hasa upande wa juu kabisa, na unakatwa. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2016 ilisema tangu 1976 mlima umepoteza hekta zipatazo 13,000 za msitu. Na maji ya huu mlima si yetu peke yetu. Yanalimia mpunga Mabogini na miwa ya TPC, yanaingia Nyumba ya Mungu kuzalisha umeme, yanashuka na mto Pangani mpaka baharini. Upande wa pili yanalisha mabwawa ya Amboseli, wanakokunywa tembo wa Kenya.

Ukilijua hilo, rudi umtazame Asha. Jangwani angeweza kutafuta kisima. Angeweza kutafuta mto. Yeye anabeba mche, na maji yake ya mwisho anampa mti badala ya kujipa mwenyewe. Kwa mtu asiyejua inaonekana ni wazimu. Kwa anayejua maji ya mlima yanatoka wapi, anafanya jambo lenye hesabu kabisa: bila mti hakuna maji ya kesho.

Haishangazi. Mwaka huohuo wa 2009 Kahiu alitengeneza pia filamu ya kweli, For Our Land, kuhusu Profesa Wangari Maathai, yule mama aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akapanda miti na wanawake wa vijijini, akapigwa na askari, akapata Nobel ya amani 2004, akafariki 2011. Ukitazama Pumzi huku unamkumbuka Maathai, lile baraza linalosema "nje kumekufa" linakuwa na sura nyingi unazozijua.

LAWAMA ZANGU

Isiwe kusifia tu. Muvi ina jina la Kiswahili lakini maongezi machache yaliyomo ni ya Kiingereza. Angalau yule mama wa chooni na Asha wangenong'onezana Kiswahili, ingekuwa bomba zaidi. Pia sehemu ya hela ilitoka nje, kwa kampuni ya filamu ya Marekani na taasisi ya Wajerumani, na jangwa lenyewe ni la Afrika Kusini. Silaumu, hela ya filamu huku tunajua ilivyo. Natamani tu siku moja ipigwe muvi kama hii pale juu ya Horombo, ambako ardhi inafanana na sayari nyingine bila kompyuta yoyote.

Lawama ya tatu si yangu, ni ya bibi yangu, na ndiyo nzito.

Nilipanda kijijini nikamwonyesha. Bibi hajui Kiingereza, na kwenye hii muvi hakupungukiwa kitu. Hakuuliza steringi ni nani. Asha aliponusa udongo, bibi akatikisa kichwa kuafiki, kama mtu aliyeona jambo la kawaida. Alipofika kwenye kupanda mche akasogea karibu na kioo. Ilipoisha nikamwuliza, "Bibi, umeionaje?"

Akasema, "Huyo mtoto kafanya vizuri. Lakini kwa nini yuko peke yake?"

Nikamwambia wenzake walifungiwa.

"Yule mama aliyemfungulia mlango mbona hakwenda naye? Mjukuu wangu, mfongo hauchimbwi na mtu mmoja. Mti mmoja jangwani, mtu mmoja amekufa, kesho nani atamwagilia?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Maana ni kweli. Muvi nyingi duniani, hata za majaribio, zinapenda shujaa mmoja. Mfongo haumjui shujaa. Unajua siku ya kuzibua, pembe au kengele inapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, asiyekuja analipa faini. Zamani faini ilikuwa mbege. Maji yanafika kwa wa chini kwa sababu wa juu amezibua kipande chake. Hakuna aliyelazimika kufa.

Halafu bibi akamalizia, bila hata kunitazama: "Na nyie mkishuka mjini, nani anakuja kuzibua?"

Wadau, nimekaa na hilo swali wiki nzima. Mara yangu ya mwisho kushika jembe kwenye mfongo wetu nilikuwa kidato cha pili. Mfongo wenyewe sasa unapitisha maji nusu ya mwaka tu. Sehemu kwa sababu mto umepungua, sehemu kwa sababu wanaokuja kuzibua ni wazee sita na watoto wa shule. Asha alikuwa peke yake kwa sababu baraza lilifunga mlango. Bibi yangu yuko peke yake na hakuna aliyefunga mlango wowote. Nauli ya kupanda mpaka kule ni hela ya saa chache za intaneti.

JINSI YA KUITAZAMA

Ukiipata, fanya hivi. Tazama peke yako au na mtu mmoja, kwenye kibanda chenye kelele haifai. Vaa hedifoni kama zipo, maana sauti za pumzi, za maji, za mashine, ndizo zinafanya kazi ya DJ. Usiulize steringi ni nani, uliza maji yako wapi: kila mara yakionekana kwenye picha, tazama nani anayo, nani anampa nani. Stori nzima imo humo, tangu yule mama wa chooni mpaka tone la mwisho. Ni dakika 21 tu, ikiisha irudie palepale, mara ya pili ndiyo utaiona.

Na ukimaliza usikimbilie kusoma kwenye mtandao "maana yake ni nini". Kaa nayo kwanza. Ukiweza mwonyeshe mzee wako yeyote, halafu wewe nyamaza, umsikilize.

Mimi Jumamosi ijayo napanda. Wamesema saa moja asubuhi, kuanzia kwenye banio kushuka mpaka kwetu. Nimeazima jembe, buti sina.

Waliokwisha iona Pumzi tupieni maoni hapo chini: Asha alifanya sawa, au bibi yangu ndiye yuko sahihi? Na kijijini kwenu, wa mlimani na hata wa Same, Upareni, mfongo wenu bado unapitisha maji? Nani anauzibua?

Naomba kuwasilisha. Tuko pamoja.